Kwanini treni ya abiria inafungwa vichwa viwili? Na nani anaamua daraja la kwanza likae mbele au nyuma?

Mwana wa Kaliua
Wakuu salama?

Juzi nilikuwa stesheni namsindikiza mama mdogo, anakwenda Kigoma. Tuliwahi mno, nikapata muda wa kuitembea treni yote toka mkiani mpaka mbele, kitu ambacho sijawahi kufanya pamoja na kwamba hiyo treni nimeipanda toka nabebwa mgongoni. Sasa nimerudi na maswali.

Vichwa vilikuwa viwili, vimefungwa mgongo kwa mgongo, kimoja kinatazama bara kingine kinatazama baharini. Nyuma yake behewa la mizigo, halina dirisha la maana. Afu daraja la tatu behewa kibao, afu bufee, afu ndo kulala daraja la pili na la kwanza huko mwisho. Mimi utotoni nakumbuka sisi wa daraja la tatu ndo tulikuwa mkiani kabisa, tunakula vumbi.

Kwahiyo: vichwa viwili vya nini, kimoja hakitoshi? Na kupanga mabehewa kuna kanuni au wanafunga kilichopo?

Chakubimbi
Wanafunga kilichopo. Uzi ufungwe.

Kibuyu cha Asali
Kimoja kikifa kingine kinaendelea, si lazima uwe injinia kujua hilo. Hata mimi nina simu mbili.

Kasuku wa Gerezani
@Kibuyu wewe simu mbili zako tunajua za nini

Fundi Mstaafu
Vijana mnakimbilia kujibu. Mimi nimekula mkate wa reli miaka 27, karakana, ya wapi hayawahusu. Swali la huyu kijana ni zuri, vumilieni maana naandika kwa kidole kimoja.

Kuvuta treni sio nguvu ya enjini peke yake. Gurudumu la chuma linakanyaga reli ya chuma, mahali vinapogusana hapazidi ukubwa wa sarafu. Ukiwa na enjini kubwa kwenye kichwa chepesi magurudumu yatazungukia hapohapo kama bodaboda kwenye tope la masika. Kwahiyo kichwa lazima kiwe kizito kikamate reli. Sasa njoo kwenye reli ya kati, ya mita moja, Mjerumani aliifikisha Kigoma 1914. Reli ya namna hiyo haibebi uzito wowote utakaopenda kwa kila ekseli, huwezi kuleta dude moja zito ukaliambia malizana na mabehewa ishirini. Unaleta mawili ya wastani, uzito unagawanyika kwenye magurudumu mengi na mshiko unaupata mara mbili. Tambarare hata kimoja kinajikongoja. Kasheshe ni kuondoka ukiwa umesimamishwa mlimani na mvua imelowesha reli.

Mgongo kwa mgongo sababu yake nyingine. Vichwa vingi vya dizeli huku kwetu vina kebini upande mmoja. Ukifika mwisho wa safari unafungua vichwa, vinapita njia ya pembeni pamoja, vinakuja kufungwa upande wa pili, na kile kilichokuwa nyuma sasa ndo kinaongoza huku dereva anatazama mbele vizuri. Hakuna haja ya meza ya kugeuzia. Na dereva ni mmoja tu, vichwa vinaunganishwa kwa waya mnene tunaita jampa, ile ya mfumo wa Kimarekani ina pini 27, akiongeza mafuta huku na kule kunaitika.

Chakubimbi
Mzee hiyo sarafu ya shilingi ngapi

Fundi Mstaafu
Ya mia. Na nawe ungeibandua reli uone.

Mwana wa Kaliua
Asante sana mzee wangu, swali la kwanza limeisha.

Treni Haina Breki
Halijaisha. Mara nyingi kichwa cha pili huwa kimezimwa. Kinapelekwa karakana au kinapelekwa stesheni ya mbele ambako kuna treni inakisubiri, sasa badala ya kukiendesha peke yake kula mafuta na dereva wake, kinafungwa kwenye treni ya abiria kinakokotwa. Kichwa nacho ni abiria tu kwenye hiyo safari. Simpingi mzee, ila msidhani kila mkiona viwili basi vinavuta viwili.

Fundi Mstaafu
Hilo nalo lipo. Sikulisema kwa sababu kidole kilichoka.

Pwani Mvita
Mzee Fundi umenena. Huku kwetu Mombasa hiyo shida ya reli nyepesi na mlima mkali ilikuwa na dawa yake enzi za mvuke, inaitwa Garratt. Ile klasi ya 59, ziliundwa 34 na Beyer Peacock kule Manchester, 1955 na 1956, moja inazidi tani 250 na ilikuwa ikitembea kwa hiyo hiyo reli ya mita moja kupandisha kutoka baharini hadi Nairobi. Enda makumbusho ya reli Nairobi utaipata 5918, jina Mount Gelai. Na Gelai ni mlima wenu nyinyi wa Tz, kwa hivyo msiseme hamkupewa kitu.

Kasuku wa Gerezani
Hiyo si ndo ile ya boila mbili

Pwani Mvita
Boila ni moja bana. Imelala katikati, imebebwa na mafungu mawili ya magurudumu, moja mbele moja nyuma, kila fungu na silinda zake. Ni vichwa viwili vyenye tumbo moja. Na ilikuwa inaenda mbele ama nyuma vile vile tu.

Dodoma Makulu
Mnajadili mambo ya makumbusho. Pandeni mchongoko jamani, ile treni ya umeme ya reli mpya ya SGR! Toka tarehe 1 Novemba 2024 Dar Dodoma, behewa 8, hamna kichwa kabisa. Mota zimesambazwa chini ya mabehewa yenyewe, kebini ya dereva ipo kila mwisho. Ikifika Dodoma dereva anachukua begi lake anatembea kwenda upande wa pili, safari imeanza. Hamna kushanti (kufungua na kupanga upya vichwa na mabehewa), hamna jampa, hamna mzee wa karakana.

Treni Haina Breki
@Dodoma Makulu usiwadanganye watu kana kwamba SGR yote ni mchongoko. Huduma ilianza Juni 2024 kwenda Morogoro na Julai ikafika Dodoma, zote hizo ni kichwa cha umeme kinakokota mabehewa kama kawaida, na mpaka leo hizo za kukokotwa zipo, yakiwemo yale mabehewa ya ghorofa. Hapo kichwa kikifika mwisho kinafunguliwa na kuzunguka kama mzee alivyoeleza.

Dodoma Makulu
Sawa mkuu nimerekebishwa. Ila mchongoko ni mchongoko.

Jirani Mwema
hata Madaraka, treni yetu ya Mombasa Nairobi, iko na umeme si ndio?

Kibuyu cha Asali
Yenu dizeli jirani. Umeme huku.

Pwani Mvita
Dizeli ndio, hatukatai. Lakini sisi tarehe 31 Mei 2017 tulikuwa tunapanda, nyinyi mlikuwa na jiwe la msingi la mwezi uliotangulia.

Kibuyu cha Asali
Hahaha hii imeniingia

Bi Mkubwa wa Ilala
Wanangu mmeshaanza ligi. Swali la pili la kijana mmelitupa. Daraja la kwanza linakaa wapi na kwanini?

Mimi nitawaambia nilichokisikia kwa marehemu baba. Enzi za mvuke ukikaa behewa la karibu na kichwa ukishuka umekuwa kama umetoka kuchoma mkaa, moshi wote wako na cheche juu. Mtu kavaa kanzu yake nyeupe anakwenda harusini Tabora, anafika kijivu. Kwahiyo wenye hela waliwekwa mbali na kichwa, sisi makabwela tukawekwa mbele kumeza masizi. Mvuke umekwisha lakini mazoea yamebaki. Ndo hivyo tu, hakuna fizikia hapo.

Mwanasheria wa Vichochoroni
Bi Mkubwa kwa heshima zote, hiyo ni nusu tu. Fikiria stesheni ambayo reli inagota, haiendelei. Treni inayoondoka, mkia wake ndo uko jirani na geti la kuingilia. Mwenye tiketi ya daraja la kwanza hatembei hata hatua hamsini, kashapanda. Wa daraja la tatu anabeba gunia lake kupita treni nzima mpaka mbele. Ni biashara, sio moshi.

Chakubimbi
Na akirudi je? Si ndo anakuwa mbali kuliko wote

Mwanasheria wa Vichochoroni
Akirudi ameshalipa

Fundi Mstaafu
Hapa ndo nataka kumuuliza mwenye uzi. Hiyo safari ya utotoni mliyokaa mkiani mlikuwa mnatoka wapi mnakwenda wapi? Maana kumbuka, kichwa kinazunguka, mabehewa hayazunguki. Yakitoka Dar daraja la tatu likiwa mbele, yakirudi bila kupanguliwa daraja la tatu linakuwa nyuma. Treni ileile.

Mwana wa Kaliua
Aisee! Tulikuwa tunatoka Kaliua kuja Dar, likizo ya Desemba. Miaka yote hiyo nimebeba hasira za bure kumbe walikuwa hawajapangua tu.

Nyamwezi Original
Subirini kwanza msimpongeze mzee haraka. Mmesahau Tabora.

Treni ya kwenda bara toka Dar sio treni moja, ni treni mbili zilizoshikana mikono. Kuna mabehewa ya Kigoma na mabehewa ya Mwanza. Zikifika Tabora zinaachana, kila upande unachukua kichwa chake (reli ya Mwanza imejengwa na Mwingereza, ilifika 1928, ndo maana Tabora ikawa njia panda). Sasa ukitaka kuachanisha haraka lazima mabehewa ya Kigoma yawe pamoja na ya Mwanza yawe pamoja, huwezi kuyachanganya kama dengu na mchele. Kila fungu linatakiwa liwe na la tatu lake, la kulala lake. Kwahiyo kwenye treni nzima unaweza kuona daraja la tatu, kulala, afu tena daraja la tatu, kulala. Anayepanga hapo sio hadhi ya abiria, ni shanti ya Tabora. Ukiipanga vibaya Dar watu wa Tabora wanapigwa mbu masaa wakikupangulia.

Na zikija Dar zinaungana hapohapo Tabora, nani mbele nani nyuma inategemea ipi imefika kwanza na shanta kaamkaje. Kwahiyo mwana wa Kaliua anaweza kuwa alikuwa mkiani kwa sababu ya mzee au kwa sababu ya Tabora. Hasira zake azihifadhi.

Mwana wa Kaliua
Mnanichanganya sasa 😂

Kasuku wa Gerezani
Hiyo ya Tabora imemtokea mjomba wangu. Yeye alikuwa anakwenda Mwanza msibani, tiketi ya Mwanza, begi lake lipo behewa la Mwanza. Usiku akaenda kutembelea rafiki yake wa jeshini behewa la Kigoma, wakapiga stori, wakashushia na vitu vingine, akapitiwa na usingizi hapohapo. Treni ikafika Tabora, wakaachanishwa, yeye yumo anakoroma. Kuja kustuka anauliza hapa wapi, anaambiwa Urambo. Begi limefika Mwanza limezika, yeye kafika siku ya kuanua tanga.

Kibuyu cha Asali
Begi limezika 😂😂😂 nakufa

Bi Mkubwa wa Ilala
Vitu vingine ndo vipi tena

Mtoto wa Diaspora
Salamu kutoka Chicago. Hiyo ya Tabora ipo huku vilevile, na wala sio treni ndogo. Kuna treni ya Amtrak, shirika la treni za abiria la huku, inaitwa Empire Builder, inatoka hapa Chicago kwenda Seattle, karibu km 3,550, unalala mara mbili njiani. Ikifika Spokane usiku inakatwa: fungu la mbele Seattle, la nyuma Portland. Sasa angalieni wanavyopanga. Mbele vichwa, kisha behewa la mizigo, kisha vyumba vya kulala vya Seattle, mgahawa, viti vya Seattle. Hapo ndo kiungo. Kisha behewa la vioo la kukaa kutazama milima, viti vya Portland, na mkiani kabisa kulala ya Portland. Kwahiyo wenye vyumba wapo mbele NA nyuma, wa viti wapo katikati. Nadharia ya Bi Mkubwa na ya Mwanasheria zote zinaanguka hapo.

Na mgahawa unaenda Seattle, behewa la vioo linaenda Portland. Wa Portland wakiamka asubuhi mgahawa haupo, wanaletewa kilichofungashwa. Ila wana vioo.

Wa vyumba vya mbele wala msiwaonee wivu. Kila kivuko cha barabara dereva anapiga honi, usiku kucha, na wewe umelala nyuma ya honi. Mimi nililala huko mara moja, sirudii.

Nyamwezi Original
Safi sana. Tabora na Spokane ni mtu na dada yake.

Treni Haina Breki
@Mtoto wa Diaspora ongezea hapo la umeme. Huko vichwa viwili vinasaidia pia kwa sababu taa, viyoyozi na majiko ya mabehewa yote yanakula umeme toka kichwani, volti 480. Kile kichwa chao P42 kina nguvu farasi 4,250, ila kikianza kulisha viyoyozi vya treni nzima sehemu ya hizo farasi haivuti tena. Mlimani unaisikia.

Mtoto wa Diaspora
Kweli kabisa.

Nimesoma Pune
Wakuu mnasahau baba wa treni ndefu. Nimekaa India miaka 4, treni ya kawaida ya masafa marefu ni mabehewa hadi 24. Huko umeme wa mabehewa, yale mapya ya aina ya LHB, ulikuwa unatoka kwenye mabehewa ya jenereta, moja mbele moja nyuma, yananguruma hatari, siku hizi wanayaondoa taratibu wanachukua umeme kwenye waya wa juu kupitia kichwa.

Ila nilichotaka kusema ni hili. Daraja la chini kabisa huko wanaita jenero, huna namba ya kiti, unaingia kwa mabega. Mabehewa yake mara nyingi yako kwenye NCHA ZOTE MBILI, mbele na mkiani, viyoyozi vipo katikati. Ukiuliza utaambiwa katikati ndo karibu na geti na ngazi za kuvukia, na jenero watu ni wengi mno, ukiwaweka ncha mbili msongamano unagawanyika. Wanafunzi wenzangu wa Kihindi walikuwa na jibu lao fupi: treni ikigongana nani anaanza kuumia?

Bi Mkubwa wa Ilala
Ee Mungu. Kwahiyo na lile behewa la mizigo nyuma ya kichwa ndo mto wetu?

Fundi Mstaafu
Linasaidia, siwezi kukudanganya. Ila linakaa hapo pia kwa sababu vifurushi vinapakiwa bila kupitisha mikokoteni katikati ya abiria, na kwa sababu hakuna anayetaka kupita ndani ya mizigo kwenda bufee. Likae mbele au likae mkiani, katikati halifai. Bufee nayo ni hivyohivyo, inawekwa kwenye mpaka kati ya wa kulala na wa kukaa ili wote wafike bila kukanyagana vyumbani. Watu wanasema ni ukuta wa kutenga matajiri. Mhudumu wa bufee atakwambia ni miguu yake.

Mwanasheria wa Vichochoroni
Ukuta wenye sahani za wali bado ni ukuta mzee

Chombezo la Tanga
Swali la kijinga: kapla, ile ndoano inayoshika behewa kwa behewa, ikikatika katikati ya safari mlimani, mabehewa ya nyuma si yanarudi na watu wake?

Treni Haina Breki
Hayarudi. Breki za treni zinafanya kazi kinyume na unavyodhani. Kichwa kinasukuma hewa kwenye bomba linalopita treni nzima toka mbele mpaka mkiani, hewa ikiwa imejaa ndo breki zinaachia. Bomba likikatika hewa inatoka, breki zinakamata zenyewe pande zote mbili. Westinghouse huyo, miaka ya 1870. Ndo maana na gadi wa mkiani anaweza kuisimamisha treni bila kumwona dereva. Na ile taa nyekundu ya mkia sio pambo, mtu wa stesheni akiiona anajua treni imepita nzima, hakuna behewa lililoachwa porini.

Nyamwezi Original
Na Igandu 2002 ilikuwaje?

Fundi Mstaafu
Ile ya tarehe 24 Juni. Treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani ikaigonga ya mizigo, tukazika watu zaidi ya 280. Sitaieleza kwenye uzi wa utani. Nitasema tu jambo la kawaida linalofundishwa kila karakana: hewa iliyokamata breki haikai milele, isipojazwa inavuja taratibu kwenye silinda. Treni ikisimama mlimani kwa muda unazungusha breki za mkono behewa kwa behewa na unaweka vizuizi kwenye magurudumu. Sisemi ndicho kilichotokea pale.

Bi Mkubwa wa Ilala
Mungu awarehemu. Mtaani kwetu walizikwa wawili.

Mchele wa Mlimba
Poleni. Mimi niwatoe huko niwalete Reli ya Uhuru maana naona hamtutaji.

TAZARA km 1,860 Dar mpaka Kapiri Mposhi, Mchina kaijenga 1970 mpaka 1975, na sio ya mita moja, ni milimita 1,067 kama ya Zambia na Afrika Kusini. Ukitoka kwetu bonde la Kilombero kwenda Makambako reli inapanda ukingo, mahandaki na madaraja mfululizo, unaingia gizani unatoka unaingia tena. Vile vichwa vya kwanza vya Mchina vilihangaika sana hapo, ndo miaka ya 1980 vikaja vya General Electric. Mlima ndo unaoamua idadi ya vichwa wakuu, sio ofisi. Na mkipata mlima mkali zaidi ya hapo dawa sio kuongeza mbele tu, unaweka kichwa kingine mkiani kinasukuma, maana ukirundika vyote mbele kapla ya behewa la kwanza ndo inabeba mvuto wa treni nzima, itanyofoka.

Na kuna ile ya watalii ya Rovos inayotoka Cape Town mpaka Dar, inapita kwetu kwa sababu upana wa reli ni uleule. Mkiani ina behewa lenye baraza wazi, wazee wa Kizungu wamekaa na glasi wanatazama reli inavyokimbilia nyuma. Kwahiyo Bi Mkubwa, mkia ukiwa wa kitajiri unaitwa baraza, ukiwa wetu unaitwa mkia.

Bi Mkubwa wa Ilala
Hilo nimelipenda mwanangu

Mzee Kolwezi
Jambo ba ndugu. Siye huku Lubumbashi train ilikuwa inakokotwa na masini ya umeme tangu wakati ya Wabelgiji. Ukifika Kamina umeme inaisha, banatosha masini ya umeme banatia ya mazuti (dizeli). Kwa hiyo si mlima tu, hata waya inaweza kuamua.

Kibuyu cha Asali
Kumbe umeme wa treni Wakongo walitutangulia. Dodoma Makulu uko wapi

Dodoma Makulu
Nipo nasoma kimyakimya

Marashi ya Unguja
Nyote tulieni. Zanzibar tulikuwa na treni ya mjini mpaka Bububu mwaka 1905, nyie Mjerumani hajafika hata Morogoro, alifika 1907. Na jina la Bububu wazee wanasema ni mlio wa hiyo treni.

Chombezo la Tanga
Tanga reli imeanza 1893. Kaa chini sheikh.

Marashi ya Unguja
Nimekaa.

Pwani Mvita
😂😂 Tanga mmeua

Kasuku wa Gerezani
Mimi naomba ushauri wa maana: nikae behewa gani nisitikisike?

Treni Haina Breki
La katikati ya treni, na ndani ya behewa kaa katikati, usikae juu ya magurudumu. Mkiani unachapwa kama mkia wa mjusi, kila kapla inapokazana au kulegea nyie wa mwisho mnapokea jumla yake. Mbele kabisa unapata mngurumo.

Nyamwezi Original
Ushauri wa mtu asiyekula huo. Jukwaa la stesheni ndogo ni fupi kuliko treni. Katikati ndo panasimama jukwaani, wauzaji wamejaa, ukifika Saranda kuku unapokea dirishani, ukifika Tabora asali hii hapa. Wa mkiani wanasimama porini wanatazamana na michongoma, kuku anafika kwao akiwa shingo na miguu.

Chakubimbi
Kumbe hii ndo kanuni tuliyokuwa tunaitafuta toka ukurasa wa kwanza

Treni Haina Breki
Asiyekula tena? Mimi nimesema katikati na wewe umesema katikati.

Nyamwezi Original
Wewe umesema kwa sababu ya mtikisiko. Hazilingani.

Mwana wa Kaliua
Wakuu mrejesho. Leo nimerudi stesheni kuchukua mzigo alionitumia mama mdogo (mchikichi, msiulize). Nimekuta treni inajiandaa, vichwa viwili tena. Nimeviegemea vyote kwa kiganja. Cha mbele kinatetemeka, cha nyuma kimya, kimepoa kama mtungi.

Treni Haina Breki
Nilisema mimi!!! Abiria huyo

Fundi Mstaafu
Kijana, dereva anaweza kukiwasha dakika ya mwisho kubana mafuta. Uliisubiri mpaka ikaondoka?

Mwana wa Kaliua
Sikusubiri mzee, mzigo ulikuwa unavuja. Ila nilimuuliza dereva hicho cha pili cha kazi gani.

Kibuyu cha Asali
Akasemaje

Mwana wa Kaliua
Akasema "mwenzake". Akapanda juu akafunga mlango.